Kupunguza Makunyanzi Laini Chini ya Macho: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Mtu anayeishi Mbeya, Njombe au Iringa ana jambo moja la kulielewa kabla hajanunua kopo lolote la krimu: baridi ya huku kwetu haipunguzi hata kidogo mionzi ya jua inayokunja ngozi. Joto la jua tunalisikia, lakini mionzi ya urujuanimno (UV) haisikiki mwilini. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama stendi ya Makambako saa sita mchana amevaa koti zito, huku uso wake ukipokea mionzi mingi kuliko ya yule anayetokwa jasho ufukweni Dar es Salaam chini ya anga jeupe kama hilohilo. Nguvu ya mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia mita 2,000, na uwanda wa Kitulo unapita mita 2,600. Isitoshe, jua hupita utosini mwa Mbeya mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari, na Oktoba ni mwezi wa ukavu, ambapo mawingu ya kuikinga mionzi ni machache na vumbi ni jingi.

Mpangilio wa mwongozo huu unatokana na ukweli huo. Kinga dhidi ya jua inatangulia, unyevu wa ngozi unafuata, dawa za kuijenga ngozi zinakuja baadaye, na mazoea ya kila siku yanaambatana na vyote. Ninasisitiza mpangilio kwa sababu watu wengi huanza na krimu ya bei kubwa iliyoandikwa kwamba ni ya macho, wakaipaka usiku, kisha wakatoka asubuhi na uso mtupu. Anayefanya hivyo hulipa fedha usiku na kuipoteza faida yake mchana.

Ngozi ya chini ya jicho ilivyo

Ngozi inayozunguka jicho ni nyembamba kuliko ngozi ya sehemu nyingine za uso. Unene wake ni karibu nusu milimita. Ina tezi chache za mafuta, kwa hiyo hukauka upesi, na chini yake kuna msuli wa duara unaofumba jicho maelfu ya mara kila siku, mbali na kazi yake tunapocheka, tunapolia na tunapokunja macho kwa ajili ya mwanga mkali. Ndani ya ngozi kuna nyuzi za kolajeni zinazoishikilia, kama fito zinavyoshikilia ukuta wa udongo, na nyuzi za elastini zinazoirudisha mahali pake baada ya kukunjwa. Mionzi aina ya UVA hupenya hadi kwenye nyuzi hizo na kuamsha vimeng'enya vinavyozikatakata. Umri nao hupunguza utengenezaji wa kolajeni mpya mwaka hadi mwaka.

Ngozi nyeusi ina kinga ya asili, kwa kuwa melanini humeza sehemu ya mionzi, na ndiyo sababu makunyanzi yetu kwa kawaida huchelewa kuliko ya watu wenye ngozi nyeupe. Kinga hiyo ina mpaka wake, na inakuja na udhaifu mmoja ambao utarudi mara kwa mara katika mwongozo huu: ngozi nyeusi ikiwashwa, ikichomwa au ikisuguliwa, huacha alama nyeusi ambazo huchukua miezi kufifia. Kwa hiyo matibabu makali yanayofaa ngozi ya mtu wa Ulaya yanaweza kumwachia mtu wa Rungwe weusi chini ya macho ambao haukuwapo kabla ya kuanza.

Hatua ya kwanza: tambua ni mistari ya aina gani

Kaa karibu na dirisha asubuhi, kabla ya kunawa, ukiwa na kioo, na uutazame uso wako ukiwa umetulia bila kucheka. Ukiona mistari midogo mingi inayofanana na karatasi iliyokunjwakunjwa, paka tabaka jembamba la krimu ya kulainisha ngozi juu ya ngozi iliyolowa kidogo, kisha subiri dakika 15. Mistari ikipungua sana au ikitoweka, ilikuwa mistari ya ukavu, na hatua ya tatu ndiyo itakayokufaa zaidi. Mistari inayoonekana wakati wa kucheka tu inatokana na msuli na ni ya kawaida kabisa. Lengo hapo ni kuizuia isikomae. Mistari inayobaki hata uso ukitulia na ngozi ikiwa imelainishwa ndiyo makunyanzi yenyewe, na hayo yanahitaji kinga ya jua pamoja na dawa itakayoelezwa katika hatua ya nne.

Kuna mambo mengine ambayo watu huyaita makunyanzi ilhali siyo. Mfuko unaoning'inia chini ya jicho mara nyingi ni mafuta yaliyosogea mbele umri ulivyoongezeka, na hakuna krimu inayouondoa. Uvimbe wa asubuhi unaopungua kufikia saa nne unaweza kutokana na chumvi nyingi ya chakula cha jioni, pombe, kulia au mzio. Lakini uvimbe wa macho unaokuja pamoja na miguu kuvimba au mkojo kutoa povu jingi ni dalili inayoweza kuhusu figo, na mwenye nao aende hospitali. Mtoto au kijana mwenye mkunjo mmoja au miwili iliyo wazi chini ya kope, hasa akiwa na mafua yasiyoisha, macho yanayowasha au pumu ya ngozi, anahitaji kutibiwa mzio; krimu ya kuzuia uzee haimhusu.

Hatua ya pili: zuia jua kila siku, hata siku ya baridi

Hapa ndipo fedha na juhudi zako nyingi ziende. Chagua losheni au krimu ya kukinga jua yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi, na uhakikishe kifungashio kinaonyesha kwamba inakinga pia UVA, ama kwa herufi hizo kuandikwa ndani ya duara, ama kwa herufi PA zikifuatwa na alama kadhaa za kujumlisha (+). Kipimo cha SPF huhusu hasa UVB, ile inayounguza; SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi hiyo na SPF 50 takriban asilimia 98. Tofauti hiyo ni ndogo, kwa hiyo usijinyime chakula kwa ajili ya namba kubwa iliyoandikwa kwenye kopo. Kiasi unachopaka kina uzito zaidi, kwa sababu mtu akipaka kidogo kuliko inavyotakiwa hapati kinga iliyoandikwa. Kipimo rahisi ni mistari miwili ya losheni, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya kidole cha kati, kwa ajili ya uso na shingo.

Chini ya macho, losheni nyingi huwasha zinapoingia jichoni mtu akitoka jasho. Zile zinazotumia zinki oksaidi huwa na upole zaidi, ila huacha weupe kama wa majivu juu ya ngozi nyeusi, na watu wengi huziacha kwa sababu hiyo. Suluhisho ni kutafuta zile zilizotiwa rangi ya kahawia. Rangi hiyo kwa kawaida ni oksidi ya chuma, ambayo huzuia pia sehemu ya mwanga wa kawaida unaochochea weusi wa ngozi, kwa hiyo ina faida mbili kwa ngozi kama zetu. Ipake kwa kuigongagonga kwa ncha ya kidole cha pete hadi kwenye mfupa wa ukingo wa tundu la jicho, bila kuifikisha kwenye ukingo wa kope. Ipake dakika 15 kabla ya kutoka, kisha urudie kila baada ya saa mbili ikiwa unashinda nje. Mwuza nyanya wa Mwanjelwa au mpandaji wa viazi wa Uyole hatapata nafasi ya kurudia mara zote hizo, na hana sababu ya kukata tamaa, kwa kuwa kofia itamfanyia sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Kofia yenye ukingo wa sentimita 7 au zaidi kuzunguka kichwa chote huyafunika macho vizuri kuliko kepi, na inadumu miaka. Mtandio au kanga iliyovutwa mbele ya paji la uso husaidia pia, ilimradi kitambaa kisiwe chepesi kiasi cha kupitisha mwanga. Miwani ya jua ina faida maradufu: huzuia mionzi, na humfanya mtu asikunje macho, ambako ndiko kunakochora mistari ya pembeni. Tafuta miwani iliyoandikwa UV400. Usinunue kwa kuangalia weusi wa kioo peke yake, kwa sababu kioo cheusi kisicho na kinga huifanya mboni ipanuke na kuingiza mionzi mingi zaidi jichoni. Baadhi ya maduka ya miwani yana kifaa cha kupima kinga ya kioo, na si aibu kuomba miwani yako ipimwe.

Madereva wanastahili neno la peke yao, kwa sababu barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita katikati ya mikoa yetu na inalisha familia nyingi. Kioo cha pembeni cha gari huzuia UVB lakini kwa kawaida hupitisha sehemu kubwa ya UVA. Mwaka 2012 jarida moja la kitabibu la Marekani lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha gari la mizigo kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, ulikuwa umekunjamana na kuning'inia, huku upande wa kulia ukionekana wa mtu mwenye umri mdogo zaidi. Kwetu usukani uko kulia, kwa hiyo dereva wa lori au basi aangalie jicho lake la kulia. Losheni ya kukinga jua, shati la mikono mirefu na miwani vinamfaa sawasawa na vinavyomfaa mkewe.

Niongeze jambo moja lililo karibu na moyo wangu. Huko hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni ya kukinga jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao kwao jua huleta saratani ya ngozi. Ukikuta kopo lake linauzwa kichochoroni, usilinunue. Kuna mtu ambaye maisha yake yanalitegemea, na kwetu sisi tuliobaki kofia na losheni ya dukani vinatosha.

Hatua ya tatu: ihifadhi ngozi na unyevu wake

Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya Nyanda za Juu Kusini huwa kavu. Wakati wa kipupwe huko Makete na Njombe umande huweza kuganda alfajiri, na watu hunawa kwa maji ya moto na kuota moto. Yote hayo huikausha ngozi. Nawa uso kwa maji ya uvuguvugu, yaani yale ambayo ukiyagusa kwa kifundo cha mkono huyasikii kuwa ya moto wala ya baridi. Sabuni ya mche ya kufulia usiifikishe usoni. Ngozi ina uchachu kidogo, karibu kipimo cha pH 5, na sabuni hiyo iko karibu 9 au 10, kwa hiyo huondoa mafuta machache ambayo eneo la chini ya jicho linayo. Asubuhi maji matupu yanatosha. Jioni tumia sabuni laini ya uso isiyo na manukato, kisha ukaushe uso kwa taulo safi kwa kubonyeza, bila kusugua.

Wanja na rangi za kope ziondolewe kila jioni. Weka mafuta kidogo kwenye pamba, iache juu ya kope lililofumbwa kwa nusu dakika, kisha vuta taratibu kuelekea chini. Jihadhari na wanja wa unga usiojulikana ulikotoka, kwa kuwa baadhi ya wanja wa asili una madini ya risasi.

Baada ya kunawa, ngozi ikiwa bado imelowa kidogo, paka kitu kinachovuta maji. Gliserini ndiyo rahisi kupatikana. Karibu kila duka la dawa la Iringa, Mafinga au Mbeya linayo kwa bei ndogo. Usiipake ikiwa nzito kama inavyotoka chupani, kwa sababu inanata, na katika hewa kavu inaweza kuvuta maji kutoka ndani ya ngozi yenyewe. Changanya sehemu moja ya gliserini na sehemu tano za maji yaliyochemshwa yakapoa, tengeneza kiasi kidogo cha kutumia siku mbili au tatu, kihifadhi kwenye chupa safi yenye kifuniko, na ukimwage kilichobaki. Mwenye uwezo anaweza kununua losheni yenye asidi ya hyaluroniki, ambayo hufanya kazi inayofanana na hiyo.

Kisha funika unyevu huo ili usiruke. Mafuta ya mgando, yale ya kawaida yasiyo na manukato wala rangi, ni hodari mno kwa kazi hii, na sioni sababu ya mtu kuona haya kuyatumia kwa kuwa ni ya bei nafuu. Chukua kiasi cha kichwa cha kiberiti kwa macho yote mawili, kisugue kati ya ncha za vidole kipate joto, na ukigongegonge juu ya mfupa. Ukizidisha, mafuta huingia jichoni na kutia ukungu, na baadhi ya watu huota vipele vidogo vyeupe vigumu kwenye kope. Vipele hivyo visitumbuliwe kwa sindano ya nyumbani. Asiyependa mafuta ya mgando mchana anaweza kutumia krimu ya kulainisha ngozi isiyo na manukato. Krimu nzuri ya uso isiyowasha inaweza kufanya kazi chini ya macho sawa na ile iliyofungwa kwenye kikopo kidogo na kuuzwa kwa bei mara tatu.

Kuhusu mafuta ya parachichi, ambayo yanapatikana kwa wingi zaidi kadiri kilimo cha parachichi kinavyopanuka Njombe na Rungwe, maoni yangu ni kwamba yanafaa kulainisha ngozi, ikiwa yamesafishwa vizuri na hayajaanza kunuka uvundo. Hayajengi kolajeni. Mafuta ya alizeti yanayotoka moja kwa moja kwenye mashine ya kukamua yana mashapo, na singeyapeleka karibu na jicho.

Hatua ya nne: dawa ya kuijenga ngozi, kwa polepole

Miongoni mwa vitu vinavyopakwa, kundi lenye ushahidi mzito zaidi dhidi ya makunyanzi laini ni lile linalotokana na vitamini A. Tretinoini, iliyo kali zaidi, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa ajili ya mistari midogo ya uso, na kuitumia kunahitaji ushauri wa daktari. Retinoli ni dada yake mpole, na hupatikana katika krimu za dukani. Zote huiamsha ngozi itengeneze kolajeni mpya na kuzuia vimeng'enya vinavyoikata.

Mama mjamzito, anayetarajia kushika mimba au anayenyonyesha asitumie kundi hili. Huo ndio msimamo wa kitabibu, na ninauunga mkono bila kusita, maana makunyanzi yanaweza kusubiri.

Kabla ya kuanza, fanya jaribio: paka kiasi kidogo upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, kila jioni kwa siku tano. Kusipotokea wekundu, muwasho wala vipele, anza na retinoli yenye nguvu ndogo, asilimia 0.1 hadi 0.3, mara mbili kwa wiki usiku. Nawa uso na usubiri ukauke kabisa, kwa kuwa ngozi iliyolowa huimeza dawa kwa kasi na kuwashwa. Paka krimu ya kulainisha kwanza, kisha chukua retinoli nusu ya punje ya njegere kwa macho yote mawili na uigongegonge juu ya mfupa tu, halafu uongeze krimu ya kulainisha juu yake. Utaratibu huu wa kuiweka dawa katikati ya tabaka mbili za krimu hupunguza muwasho, na kwa ngozi nyeusi muwasho ndio adui. Baada ya mwezi mmoja bila tatizo, ongeza iwe kwa kuruka usiku mmoja, yaani leo unapaka na kesho hupaki. Si lazima ufike kila usiku.

Kuchubuka kidogo wiki za mwanzo kunaweza kutokea. Ngozi ikiuma, ikivimba au ikianza kuwa nyeusi, acha kabisa kwa wiki mbili, endelea na unyevu na kinga ya jua, kisha urudi mara moja kwa wiki. Mwaka ukigawanywa kwa majira yetu, ningeshauri mtu aanze kati ya Desemba na Machi, hewa ikiwa na unyevu wa mvua, badala ya Julai ambapo ngozi tayari imekauka. Retinoli haitumiki mchana, na asiyetaka kujipaka kinga ya jua asiianze.

Asiyeweza retinoli anaweza kutumia niasinamaidi, aina ya vitamini B3, kwa kiwango cha asilimia 4 au 5. Ni mpole, huimarisha utando wa ngozi na husaidia kupunguza weusi, ingawa nguvu yake dhidi ya makunyanzi ni ndogo zaidi. Krimu zenye vitamini C nazo zina nafasi yake asubuhi, lakini huharibika zikikutana na hewa na mwanga. Ikiwa imegeuka rangi ya kahawia, imekwisha kazi.

Hatua ya tano: mazoea ya mwilini na nyumbani

Kusugua macho kunastahili kutajwa kwanza. Vumbi la kiangazi na chavua huwafanya wengi wasugue macho kwa viganja mchana kutwa, na kila msuguo huvuta ngozi na kuitia weusi. Osha macho kwa maji safi ya baridi, weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika kadhaa, na muwasho ukidumu mwone mhudumu wa afya akupe dawa ya mzio. Matone ya macho usijinunulie kwa kukisia, kwa sababu baadhi yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe inayoweza kulidhuru jicho ikitumiwa kwa muda mrefu.

Baada ya hapo kuna moshi. Sehemu kubwa ya nyumba zetu hupikia kuni au mkaa, na mlango wa jikoni hufungwa kwa sababu ya baridi. Uchunguzi uliofanywa kwa wanawake nchini China uliwakuta wanaopikia kuni, makaa na nishati nyingine za aina hiyo wakiwa na dalili zaidi za ngozi kuzeeka, ikiwemo mikunjo ya uso. Tumia kuni zilizokauka, acha upenyo wa juu moshi utoke, simama upande ambao upepo unautoa moshi mbele yako, na unawe uso baada ya kupika. Jambo lililo kubwa kuliko ngozi ni hili: usilale na jiko la mkaa chumbani hata kama baridi inauma. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na huua mtu akiwa usingizini. Ongeza blanketi.

Sigara hupunguza damu inayofika kwenye ngozi na huharibu kolajeni, na mvutaji hukunja macho kuukwepa moshi wake. Pombe, iwe bia au ulanzi wa masika ya Iringa, huuvuruga usingizi na kuuacha uso umevimba asubuhi. Lala kwa muda wa saa saba au zaidi kila usiku, na mwenye kawaida ya kulala kifudifudi ajaribu kulala chali, kwa kuwa mto huikunja ngozi ileile usiku hadi usiku. Mtu aliyefikisha miaka 40 na kuendelea, ambaye hukunja macho anaposoma ujumbe kwenye simu, akapime macho. Miwani ya kusomea huzuia mikunjo mingi.

Kwa chakula sina maelezo marefu, kwa sababu mikoa yetu ina heri. Maharage, njegere, mboga za majani, parachichi, mapera na samaki wa Ziwa Nyasa wanatoa protini, mafuta mema na vitamini C ambayo mwili hutumia kutengeneza kolajeni. Kunywa maji unaposikia kiu. Lita nyingi zinazonywewa kwa kulazimisha hazifuti mistari.

Vitu ambavyo visifike chini ya macho

Mkorogo ndio mbaya kuliko vyote. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zinazouzwa bila maelezo huwa na haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali kama klobetasoli. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba, kwa hiyo yule anayeitumia kuondoa makunyanzi huishia kuwa nayo zaidi, na ikipakwa karibu na jicho kwa muda mrefu inaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Hudanganya watu kwa sababu siku za kwanza ngozi hung'aa. Ukiona krimu isiyo na orodha ya viambato, tarehe ya mwisho wa matumizi wala jina la mtengenezaji, au iliyofungashwa upya kwenye kikopo kisicho na maandishi, irudishe. Usajili wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 2019, na bidhaa zenye mashaka unaweza kuziripoti huko.

Limau na ndimu huiunguza ngozi na huweza kuacha alama nyeusi jua likiipata. Dawa ya meno, magadi na skrabu ya sukari havina kazi eneo hili. Ukienda saluni kusafisha uso, mwambie dada anayekuhudumia mapema, kwa upole, kwamba eneo la macho lisisuguliwe wala lisipigwe mvuke kwa muda mrefu. Sindano za kulegeza msuli au kujaza mashimo chini ya macho ziachiwe daktari mwenye mafunzo. Zikichomwa vibaya katika eneo hilo zinaweza kuziba mshipa wa damu na kuharibu uwezo wa kuona.

Matokeo huchukua muda gani, na lini umwone daktari

Mistari ya ukavu hupungua ndani ya siku chache za kutunza unyevu. Retinoli huanza kuonyesha tofauti baada ya wiki 12, na kazi yake huendelea kuonekana hadi miezi sita au zaidi. Makunyanzi yaliyokomaa hupungua kina, hayafutiki yote. Piga picha siku ya kwanza na kila mwisho wa mwezi, mahali palepale karibu na dirisha, saa ileile, bila kucheka, kwa sababu kioo cha kila siku hakionyeshi mabadiliko ya polepole. Ongeza bidhaa mpya moja tu kwa mwezi, ili ngozi ikikasirika ujue ni ipi ya kuacha. Fedha zikiwa chache, nunua kwanza kofia, kisha losheni ya kukinga jua, kisha gliserini na mafuta ya mgando. Retinoli ije mwisho.

Mwone daktari wa ngozi, ukianzia kituo cha afya kilicho karibu na kuomba rufaa kwenda hospitali ya mkoa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ikiwa ngozi ya chini ya macho inawasha na kuchubuka kwa zaidi ya wiki mbili, ikiwa kuna kidonda kisichopona au uvimbe unaokua kwenye kope, au ikiwa umetumia mkorogo kwa muda mrefu na unataka kuuacha. Steroidi ikiachwa ghafla uso huweza kuwaka na kuvimba, na daktari anaweza kuipunguza hatua kwa hatua. Beba makopo yote uliyotumia, hata yale unayoyaonea aibu na yale yasiyo na maandishi, uyaweke mezani pake na umweleze ulianza lini kila kimoja.